Mjomba Simiyu Hakufungua Ule Ubao

Kwako Mjomba, popote ulipo,

Naianza barua hii kwa mara ya tano. Zile nne za kwanza nilizichana, kwa sababu kila moja ilianza na habari za mvua na mahindi na afya yangu, kana kwamba niliondoka nyumbani juzi na wewe unangoja tu kusikia kama nilifika salama. Hatuko hapo. Ni miaka sita sasa tangu ufunge mlango wa nyumba yako na kuondoka bila kuaga, na hakuna anayejua sababu yake kuliko mimi.

Anwani yako sina. Nimeulizia Malaba, nimeulizia Webuye, nimewahi hata kumfuata mzee mmoja pale Kiminini hadi nyuma ya maduka kwa sababu alikuwa anatembea kama wewe, mikono mgongoni. Akageuka akaniuliza kama nina shida. Kwa hiyo naiandika wazi. Nakala moja nitaibandika kwenye lango la kiwanda cha ngozi kule Bungoma tulikofanya kazi pamoja. Nyingine nitaibandika kwenye kiwanda kipya hapa Kitale, ninakofanya kazi sasa. Ya tatu nitampa katibu wa kanisa letu aisome wakati wa matangazo. Uongo ulisemwa mbele ya watu, na mimi siwezi kuurekebisha kwa kunong'ona.

Basi niuseme ukweli mapema, nisije nikaukimbia tena. Siku ile Wanyonyi alipofia kwenye shimo la pampu, aliyefungua ule ubao wa kati ya mitaro ni mimi. Si wewe. Wewe hata hukuwepo.

Nimeandika. Nimeinuka, nimezunguka chumba mara mbili, nimekunywa maji, nimerudi kukaa. Tuendelee.

Jumatatu iliyopita ndiyo iliyonisukuma. Tulikuwa tunasafisha bwawa la kwanza. Kuna fundi wetu wa pampu anaitwa Kamau, mtu wa makamo, familia yake imelima hapa Trans-Nzoia tangu enzi za babu yake. Mcheshi, hana ubaya na mtu. Mwenzake alishika mpini wa valvu bila kuuliza, naye Kamau akamwambia huku anacheka, "We, wacha hiyo. Usitufanyie Simiyu hapa."

Nikamwuliza, "Simiyu ni nani?"

"Ati humjui? Na wewe si ni wa Bungoma? Ni ule mzee alifungulia maji ya dawa akaua mtu. Wanasema alikuwa amelewa chakari."

"Nani anasema?"

"Watu, bana. Kila mtu kwa hii kazi ya ngozi anajua hiyo stori."

Hapo ndipo jina lako lilipofika, Mjomba. Mtu akikosea valvu, amefanya Simiyu. Wewe uliyekuwa ukipitishiwa pombe ya busaa kwenye sherehe unaisogeza kwa jirani bila hata kuionja, leo u mlevi kwenye midomo ya watu ambao hawajawahi kukuona. Na mimi, niliyelishwa kwenye sahani yako tangu nikiwa mtoto, nilisema nini? Nilisema, "Haya, tuendelee na kazi." Tukaendelea na kazi. Nilipofika chumbani kwangu nilitafuta karatasi na kalamu.

Nimekuwa nikikumbuka ulivyonichukua. Nilikuwa darasa la tatu. Mama, dada yako wa pekee, alizikwa Alhamisi, na Ijumaa ukaja na baiskeli, ukanifungia sanduku langu kwenye karia na kuniambia nikalie mbele. Mke wako alikuwa ameshatangulia bila kukuachia mtoto, kwa hiyo nyumba ikawa ya wanaume wawili na mmoja tu ndiye aliyejua kusonga ugali. Hukunipa pole nyingi. Uliniuliza, "Unakula murere?" Nikasema sipendi mboga inayoteleza. Ukasema, "Basi utajifunza kupenda, kwa sababu hiyo ndiyo najua kupika." Nilijifunza. Mpaka leo nikiona mama anauza murere sokoni Kitale, nanunua hata kama sina njaa.

Tulikuwa tunanuka, Mjomba, tusidanganyane. Mtu wa kiwanda cha ngozi haogi harufu ikaisha. Kanisani watu walikuwa wanatuachia benchi zima, wao wanabanana nyuma, na wewe ulikuwa unanyoosha miguu na kuniambia kwa sauti ya chini, "Ona tulivyoheshimiwa." Nilikuwa naona aibu wakati huo. Sasa ningetoa chochote nikae kwenye lile benchi.

Halafu ule mwaka wa tohara yangu. Wanaosoma barua hii na si wa kwetu wajue kwamba kijana wa Kibukusu hakabili kisu kabla hajakwenda kwa khocha wake, kaka wa mama yake, akachinjiwa dume. Shida ni kwamba mimi nilikuwa naishi kwa khocha. Ningekwenda wapi? Ukafikiria siku mbili. Kisha ukanituma nikae kwa jirani tangu asubuhi, nije mbio na kengele zangu na waimbaji wangu kama mgeni anayetoka mbali, ili upate kunipokea inavyotakiwa. Nikaja. Ukajifanya umeshtuka kuniona. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, lakini wewe hukucheka. Ukachinja, ukanivisha shingoni luliki, ule ukanda wa nyama ya kifua, ungali na joto, ukanikazia macho. "Kesho ukitikisika," ukasema, "watakuwa wameniona mimi nikitikisika." Sikutikisika. Nilisimama nikiangalia mbele kama nilivyofundishwa. Nilitikisika baadaye sana, mahali pengine, na kweli ni wewe waliyekuona.

Nilipomaliza kidato cha nne ukaniingiza kiwandani. Nilidhani utanipeleka kwa wanaume wa visu, wale wa kuparua ngozi, au kwenye yale mapipa makubwa ya kuzungushia. Kumbe wewe mwenyewe ulikuwa mtu wa maji machafu. Wewe na Wanyonyi. Wengine waliwaita watu wa mitaro na mlikuwa mnaitika bila kununa. Asubuhi ya kwanza ukanionyesha mitaro miwili ya saruji iliyotoka kiwandani sambamba, mmoja ukibeba maji meupe na mwingine maji ya buluu.

"Hii nyeupe," ukasema, "inatoka kwa ngozi zikitolewa manyoya. Ni chokaa na ile dawa ya kunyoa. Hii ya buluu inatoka kwa ngozi zikiiva. Ni asidi na kromu. Hizi mbili hazionani mpaka mimi niseme."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Ukaenda zako. Sasa nikuulize jambo nililolibeba miaka yote hii. Kwa nini hukunieleza? Najua, hata wewe uliambiwa hivyo hivyo na fundi aliyekutangulia, na yeye labda aliambiwa na mwingine. Lakini nilikuwa mtoto wa shule, nilikuwa na maswali, na "nimesema" haijawahi kumtosha mtoto wa shule. Nimekulaumu kwa hilo. Nimekulaumu kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujilaumu. Nalisema ili ujue kwamba sikuwa na adabu hata moyoni.

Mengine ulinifundisha vizuri mno. Maji meupe yalikaa kwenye bwawa lake siku kadhaa, mashine ikiyapulizia hewa mpaka ile dawa iishe nguvu. Ya buluu yalikaa kwenye bwawa lake, tukiyatilia chokaa safi kidogo kidogo hadi kromu ishuke chini ikawa tope la kijani, tukalichota na kulianika mbali. Ndipo maji yote mawili yaliruhusiwa kukutana kwenye shimo la pampu, yakasukumwa hadi kwenye kinamasi cha matete, na kutoka hapo yakaenda mtoni. Vipimo vya kisasa hatukuwa navyo. Wewe ulikuwa na sufuria yako kuukuu na viluwiluwi uliowatoa mtoni. Ulikuwa unawamwagia kikombe cha maji yaliyopita kwenye matete, kisha unachuchumaa kuwaangalia. Wakiogelea hadi saa sita, pampu inaendelea. Wakilala ubavu, unazima kila kitu, na meneja apige kelele apendavyo. Kila Jumatatu ulishuka mtoni hadi pale ng'ombe wa majirani walipokunywa, ukawahesabu ndama kana kwamba ni wako.

Wanyonyi ndiye aliyekuwa akikutania. "Simiyu anaoshea mto uso," alikuwa akisema. Alikuwa na kicheko kirefu, na alikuwa rafiki yako tangu mkiwa wadogo.

Naifikia ile siku. Nimesimama tena, nimefungua dirisha.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na bwawa la buluu lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Wewe ulikuwa umekwenda Kitale na lori kuleta chumvi ya ngozi. Watu wa mazingira walikuwa waje mchana kukagua. Nilikuwa naangalia yale maji yanavyolamba ukingo na kule chini naona akina mama wanachota kwenye mto, na nikajiambia yakimwagika yatawafikia kabla ya chakula cha mchana. Sikuwa na nia mbaya. Nataka hilo uliamini hata kama mengine huyaamini.

Nilikuwa na B ya kemia, Mjomba. Hicho ndicho kilichomuua Wanyonyi. Nilikumbuka mwalimu alivyosema kwamba asidi ukiikutanisha na chokaa, zinatulizana. Na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya mtaro wa asidi na mtaro wa chokaa, umbali wa ubao mmoja tu. Nikaona wazee wamekuwa wakihangaika siku nyingi kwa kitu ambacho ningekimaliza asubuhi moja. Nilikuwa hata na karatasi za litmasi nilizozipata kwa rafiki yangu wa shule. Nikauvuta ubao. Meupe yakaingia kwenye buluu, yakafurika pamoja hadi kwenye shimo la pampu.

Harufu ilikuja kwa ghafla, ya mayai yaliyooza, kali mpaka macho yakatoa machozi. Nilirudi nyuma. Nikangoja. Niliposogea tena karibu na shimo harufu haikuwepo. Kabisa. Nikachovya karatasi yangu, ikaonyesha rangi niliyoitaka. Nikasema kumbe ni rahisi hivi.

Kisha pampu ikaziba na manyoya, kama kawaida yake. Wanyonyi akaja na ngazi.

"Simiyu anasemaje?" akaniuliza.

"Mjomba hayuko. Na si harufu imeisha?"

Akainama, akanusa. "Ni kweri, imeisha."

"Shuka tu. Iko sawa."

Hayo ndiyo maneno yangu. Alishuka. Hakupiga kelele. Nilisikia tu kama gunia limetuliwa chini. Nikaita mara mbili, nikaweka mguu kwenye ngazi nimfuate, na mkono ukanishika mshipi kwa nyuma ukanitupa chini kwenye matope. Ni wewe. Ndiyo kwanza ulikuwa umeteremka kwenye lori.

"Ukishuka mtakuwa wawiri," ukasema, na ukanikandamiza kwa goti huku unawaelekeza wengine: ubao urudishwe, bomba la hewa liingizwe shimoni, kamba iletwe, mtu yeyote asishuke. Ulikuwa unalia huku unatoa amri, na sauti yako haikukatika. Walipomvuta Wanyonyi juu alikuwa ameshakwenda.

Ndipo ukaniuliza, pole pole, "Nani amefungua?" Niliangalia matope. Ukaangalia mkono wangu na zile karatasi zilizolowa. Ukaelewa.

Meneja alipofika mbio akauliza swali lile lile, wewe ukamjibu kabla sijafungua mdomo. "Ni mimi. Nilifungua kabla ya kwenda Kitale." Meneja akanigeukia. "Ni ukweli?" Na mimi nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba nilinyamaza tu. Sikunyamaza. Nilitikisa kichwa. Mtu aliyenyamaza amemwacha mwenzake aanguke, lakini mimi nilikusukuma.

Ulifukuzwa siku hiyo hiyo. Kwenye mazishi ya rafiki yako hukuruhusiwa kuingia bomani, ukasimama nje ya ua wa michongoma ukiwa na kofia mkononi mpaka udongo ulipojazwa. Mtu mmoja akasema unanuka pombe, mwingine akasema hata siku ile alikunusa, na kufikia matanga kila mtu alikuwa amekunusa. Nyumbani tulikula kama kawaida. Hukunikumbusha kitu. Mimi nilikuwa nangoja unikaripie ndipo niungame, kama mtoto aliyevunja kikombe. Wiki tatu zikapita hivyo. Halafu nikarudi kutoka kazini nikakuta mlango umefungwa, ufunguo uko kwa jirani, na mashati yangu yote yamefuliwa yameanikwa kwenye kamba.

Kwa kuwa uliondoka, walihitaji mtu wa maji, nikapelekwa kozi. Huko ndiko mkufunzi mmoja alikosema, tena kwa kupitia tu, kwamba maji yenye dawa ya kunyoa manyoya yakikutana na asidi hutoa gesi, na gesi hiyo ikiwa kidogo inanuka, ikiwa nyingi inaua pua kwanza. Mtu hudhani imekwisha, kumbe ndiyo imejaa. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za darasa hadi kipindi kilipokwisha.

Tangu hapo nimekuwa bingwa wa maji machafu, ukiwauliza watu. Hapa Kitale tuna mabwawa matatu yenye ukuta katikati, si ubao. Nina vipimo vya gesi, nina vitabu. Hakuna mtu anayesaini kazini kwangu kabla hajanieleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini nyeupe na buluu hazikutani. Sikubali "kwa sababu umesema." Wageni wakija hupigwa picha na mimi kando ya matete, huniambia kijana umejifunzia wapi, na mimi hutaja ile kozi. Sijawahi kukutaja wewe. Ningeanzaje kukutaja nisifike pale?

Siwezi kutulia, Mjomba. Nakaa kwenye kiti kama mtu anayengoja kuitwa. Nimeposa mara moja na nikaacha mwenyewe, kwa sababu msichana alitaka kujua kwetu ni nani aliyenilea.

Kabla sijaibandika barua hii, kuna mtu mmoja lazima aisikie kwa mdomo wangu. Kesho Jumamosi nakwenda Bungoma kwa Mama Nekesa, mjane wa Wanyonyi. Naogopa kuliko nilivyoogopa kisu. Naiacha kalamu hapa.

*

Ni Jumapili, na nimerudi.

Nilimkuta nje anachagua maharagwe kwenye ungo. Nywele zimeanza mvi. Nilisimama mbali kidogo, sijui kwa nini, na yeye akaniangalia akarudi kwenye maharagwe yake.

"Kalibu basi. Mbona unasimama kama mtu wa kupima shamba?"

Nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yalikuwa yamepotea.

"Mama, nimekuja kusema kitu."

"Sema."

"Aliyefungua ubao siku ile si Mjomba. Ni mimi. Na mimi ndiye niliyemwambia Baba Nekesa ashuke."

Akatoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa. Akatoa lingine.

"Na meneja akikuuliza," akasema, "si ulitikisa kichwa?"

Mjomba, hilo la kichwa sikuwa nimemwambia.

"Nani alikwambia?"

"Simiyu. Alikuja hapa kabla aende. Alikaa hapo hapo umekaa." Aliweka ungo chini. "Nilichukua panga, usione nimetulia hivi. Nilikuwa nakuja kwenu. Akanishika mikono akaniambia, mngoje. Ukienda na panga atakubari, rakini hatakuwa amesema mwenyewe. Nikamwambia nitangoja mwaka mmoja. Sasa ni mingapi? Kila Krismasi nasema, huyu kijana ataniua na mimi kwa kungoja."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Na sijakusamehe, usidhani," akasema. "Nimesikia tu. Kusamehe nitaangalia."

Nekesa alirudi kutoka kusaga mahindi, amekuwa msichana mrefu, ana macho ya baba yake. Mama yake akaniambia nirudie. Nilirudia yote kuanzia mwanzo, pamoja na lile neno "shuka tu." Nekesa aliuliza kitu kimoja, kama baba yake aliteseka. Nikamwambia ilikuwa mara moja, na hilo ni kweli. Akachukua unga akaingia ndani. Mpaka naondoka hakutoka tena.

Nilipokuwa naaga ndipo nilipomuuliza Mama Nekesa lile lililokuwa limenikwama. Kama ulimweleza ukweli, na yeye akakubali kungoja, kwa nini uliondoka? Siku zote nilidhani ni maneno ya watu yaliyokufukuza.

Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Simiyu na maneno ya watu ni wapi na wapi? Huyo si alikaa kwa benchi peke yake miaka yote. Alisema kila asubuhi anakuona ukifunga viatu uende kazi, jioni ukirudi mnakula, na husemi. Akasema akiendelea kukuangaria hivyo, ataanza kukuchukia. Na hakutaka kukuchukia. Ndiyo akaenda."

Uko Kapsokwony. Ameniambia. Unalima viazi na vitunguu huko mlimani, na msimu uliopita ulimtumia gunia zima. Nimekutafuta hadi mpakani na wewe umekuwa hapo juu, mahali ninapoweza kupaona kutoka Kitale asubuhi ikiwa haina ukungu.

Sasa nimemaliza kuandika. Kesho kabla ya kengele ya kazi barua hii itakuwa langoni, na Kamau atakuwa wa kwanza kuisoma maana yeye ndiye anayewahi. Huenda kufikia saa nne sitakuwa na kazi. Huenda watu wa sheria watataka kunisikia, nami nitakwenda. Nakala yako nitamtumia Mama Nekesa akuletee siku ya soko, kwa hiyo itafika kabla yangu, na ninataka iwe hivyo, usije ukanifungulia mlango bila kujua unamfungulia nani.

Mama Nekesa aliniambia mengi ambayo sikustahili kuambiwa. Moja hakuniambia, na mimi sikuthubutu kuuliza. Ulikwenda ili usinichukie. Hakuniambia kama ulifaulu.

Nakuja Jumamosi nijue.

Kaa salama mpaka nifike,

Mtoto wa dada yako,
Wafula